Soma Kibati Kabla ya Kulipa

Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimewaambia wakulima wasome maandishi ya kwenye chupa ya dawa kabla ya kuifungua. Lakini mwaka 2019 mimi mwenyewe nilinunua mashine ya kusaga bila kusoma maandishi yake. Nakueleza ilivyokuwa, maana huenda nawe unaweka fedha kwa kazi hiyo hiyo.

Kijiji chetu kipo wilaya ya Mbozi. Mahindi tunayo, lakini mashine hatukuwa nayo. Akina mama walibeba debe la mahindi kichwani, wakatembea saa moja na nusu mpaka kijiji cha jirani. Wakikuta foleni, walirudi jioni. Nguzo za umeme zilipofika kwetu, mimi na mke wangu tuliamua kuweka mashine katika banda nyuma ya nyumba. Tuliuza mafahali wawili. Mke wangu akaongeza fedha zake za maharage.

Nilikwenda Mbeya mjini. Nikapata kinu cha nyundo kilichokwisha kutumika, pamoja na mota yake. Kinu nilikikagua vizuri, nawe ukague hivyo. Shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono usikilize kama inakwaruza. Fungua mfuniko utazame nyundo. Zikiwa zimelika upande mmoja, zinaweza kugeuzwa. Zikiwa zimelika pande zote, zibadilishe zote kwa pamoja. Nyundo zisipolingana uzito, kinu hutikisika na beringi hufa upesi. Tazama pia chekeche lisiwe limetoboka. Mwisho, mwambie muuzaji akusagie debe moja mbele yako. Hayo yote niliyafanya. Unga ulitoka laini, nikalipa.

Tulipoteremsha mashine nyumbani, mke wangu alianza kufuta vumbi la unga kwenye mota. Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Watu wa namna hiyo hawaachi maandishi yapite hivi hivi.

"Baba watoto," akauliza, "kwenye kibati hiki pameandikwa 380. Fundi wa umeme si alisema wetu ni 230?"

Nilisoma mara mbili. Sikuwa na jibu.

Ndugu msomaji, umeme wa majumbani huja kwa namna mbili. Kuna umeme wa njia moja, wa volti 230. Huo huwasha taa, redio na mota ndogo. Kuna umeme wa njia tatu, wa volti 400. Mota zake nyingi huandikwa 380 au 415. Mota ya njia tatu haianzi kuzunguka kwa umeme wa njia moja. Ukiilazimisha, hunguruma tu, kisha huungua. Kule mjini walikuwa na njia tatu. Kwetu ilifika njia moja. Muuzaji hakunidanganya. Hakusema, nami sikumwuliza.

Kuna kifaa cha kugeuza njia moja kuwa njia tatu, na kwa mota ndogo hufaa. Lakini kibati changu kilisema kilowati 11, yaani wati 11,000. Gawanya kwa volti 230. Utapata karibu ampea 48, kabla ya kuhesabu umeme unaopotea. Na mota inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi. Waya wa nyumba yangu usingeweza, na taa za majirani zingefifia.

Mashine ilikaa bandani miezi miwili. Kuku walitaga juu yake. Akina mama waliendelea kupita mbele ya mlango wetu na madebe yao, wakitusalimu kwa heshima. Salamu hizo zilinikata maini.

Hatimaye niliuza mota kwa hasara, nikanunua injini ya dizeli ya silinda moja, ya nguvu za farasi 18. Hapo nikafanya kosa la pili. Fundi alitanua tundu la puli ya mota, akaifunga puli ile ile kwenye injini. Tukawasha. Kabla injini haijafika mwendo wake kamili, kinu kilianza kulia kama kinataka kupasuka, na mabati ya banda yakatetemeka. Fundi akakata mafuta. Sote tulikuwa tumekwisha kutoka nje.

Tulikaa chini tukapiga hesabu. Zidisha mizunguko ya mota kwa upana wa puli yake, kisha gawanya kwa upana wa puli ya kinu. Mota ilizunguka mara 1,440 kwa dakika, puli yake inchi 10, puli ya kinu inchi 4. Jibu ni 3,600, na ndiyo idadi iliyoandikwa kwenye kinu. Lakini injini huzunguka mara 2,200. Kwa puli ile ile, kinu kingefika 5,500. Nyundo ikichomoka kwa mwendo huo huua mtu. Tuliweka puli ya inchi 6 na nusu, tukapata 3,575.

Tangu siku hiyo tunasaga. Mikanda tumeifunika kwa wavu wa chuma, maana kanga ikinaswa humvuta mwenyewe. Bomba la moshi tumelitoa nje ya banda. Dizeli ni ghali, na kinachobaki ni kidogo kuliko nilivyopiga hesabu mwanzoni.

Nimekwenda TANESCO kuuliza habari za njia tatu. Mke wangu alikuja pamoja nami, naye ndiye aliyesoma fomu. Puli ya inchi 10 bado tumeiweka chini ya kitanda.