Uso Unaocheka

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniandikia kuuliza iko wapi ile makala ya hifadhidata niliyoahidi. Itakuja. Leo nataka kuandika juu ya programu ndogo kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na jinsi ilivyonidanganya.

Kliniki moja hapa Kisumu ilinipa kazi. Sitaitaja jina, na mkisoma mtaelewa kwa nini. Ni kliniki inayopima makuzi ya watoto: yule aliyefika mwaka na nusu hajatembea, yule asiyesema, yule asiyemtazama mtu machoni. Wengine walizaliwa wakachelewa kulia, wengine walipata manjano makali siku za kwanza, wengine malaria iliwapanda kichwani, na ninyi wa huku ziwani mnajua malaria yetu. Mtaalamu hukaa mkekani na mtoto, humpa vibao apange, humrushia mpira, humwita jina. Humuuliza mlezi maswali mengi. Halafu huandika ripoti.

Kliniki ilitaka kujua kama walezi wanaridhika na upimaji huo. Mfadhili wao alitaka nambari. Basi nikatengeneza skrini yenye nyuso tatu: unaocheka, uliotulia, ulionuna. Mlezi akimaliza, msichana wa mapokezi anampa tableti, abonyeze uso mmoja. Jibu linahifadhiwa mle mle, halafu jioni mtandao ukitulia linatumwa kwenye seva. Kazi ya wikendi mbili tu.

Majibu yakaja. Karibu wote walibonyeza uso unaocheka. Kliniki ilifurahi, mfadhili alifurahi, nami nikalipwa.

Sasa sikilizeni. Dada yangu anaishi Mbita. Mwanawe alikuwa na miaka miwili na nusu, na hakuwa amesema neno hata moja. Nikamwambia amlete kliniki hiyo hiyo. Aliamka usiku, akapanda feri hadi Luanda K'Otieno, kisha matatu hadi mjini. Saa tisa alasiri nikaenda kuwachukua langoni. Kwa sababu mimi ni mtu wa programu, swali langu la kwanza lilikuwa la kipuuzi:

"Ulibonyeza uso gani?"

"Ule unaocheka."

"Vizuri. Kwa hivyo walisema mtoto ana nini?"

Akanyamaza. Akafungua mkoba akatoa ripoti: kurasa tatu, zote Kiingereza cha hospitali. "Nadhani wamesema yuko nyuma kidogo. Daktari alikuwa mpole sana."

"Na nyumbani ufanye nini?"

"Hawakusema. Au walisema, sikusikia. Aliponiambia mtoto amechelewa, masikio yangu yalizibika."

"Sasa mbona ukabonyeza uso unaocheka?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Omera, ulitaka ninune mbele ya msichana aliyenishikia mtoto nikienda msalani? Na mwezi ujao nirudi pale pale?"

Tulipokuwa tukingoja matatu niliisoma ile ripoti. Kwenye ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini, iliandikwa kwamba mtoto apimwe kusikia kabla ya jambo jingine lolote. Mstari mmoja tu. Kama nisingekuwa nao pale, ripoti ingerudi Mbita ikawekwa chini ya godoro, na mama mkwe angesema anachosema siku zote: ngojeni, hata baba yake alichelewa kusema. Mtoto asiyesikia hupata shida kubwa kujifunza kusema, na kila mwezi unaopita una bei yake.

Usiku ule nilikagua programu yangu mstari kwa mstari. Haikuwa na hitilafu hata moja. Hitilafu ilikuwa kwenye swali.

Nimelifikiria sana. Mlezi akiulizwa "umeridhika?", anajibu maswali mengine ambayo hujamuuliza. Je, walinisalimia? Je, nilitukanwa kama nilivyotukanwa kule kwingine? Je, nikilalamika watampokea mwanangu tena? Mtu aliyevuka ziwa alfajiri akapokewa kwa heshima atakushukuru, na shukrani yake ni ya kweli. Lakini shukrani si ushahidi kwamba ameondoka akijua la kufanya.

Kumbe wenzetu waligundua hili zamani. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walitengeneza dodoso liitwalo MPOC kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu. Lina maswali 56, na mwaka 2004 likatoka fupi la maswali 20. Halimuulizi mzazi kama ameridhika. Linamuuliza ni kwa kiasi gani wahudumu walifanya jambo fulani, kutoka 1 hadi 7: walikupa maelezo ya maandishi? Walikueleza matokeo? Walikuacha uamue? Limetumika katika nchi nyingi, na mara nyingi alama za juu huwa kwenye heshima, za chini kwenye kupewa habari. Dada yangu mtupu! Heshima alipewa, habari hakupewa.

Tena kuna jambo la vifaa vyenyewe. Denver II, kipimo cha Marekani cha mwaka 1992, kina kipengele cha mtoto kujiandalia nafaka ya asubuhi, ile ya kumiminia maziwa bakulini. Mtoto wa Mbita anakunywa uji uliopikwa na mama. Mlezi akiona mwanawe anaulizwa mambo ya ugenini, anaondoka akijiambia kwamba mtoto hakushindwa, bali hakuwahi kuyaona. Afadhali siku hizi tuna vipimo vya kwetu: cha Kilifi, KDI, kilichochapishwa mwaka 2008, na cha Malawi, MDAT, cha mwaka 2010. Mlezi akikielewa kipimo, huyaamini na majibu yake.

Basi nikarudi kliniki nikaomba niziondoe zile nyuso. Meneja hakupenda. "Unataka kutuharibia nambari," akasema. Nikamwonyesha ukurasa wa tatu wa ripoti ya mpwa wangu, sikusema zaidi.

Programu mpya ni rahisi kuliko ya kwanza. Wiki moja baada ya upimaji inamkumbusha karani, ambaye si mfanyakazi wa kliniki, ampigie mlezi simu. Wanaongea Kidholuo, Kiswahili au lugha yoyote wanayoelewana. Maswali ni matatu:

1. Kwa maneno yako, uliambiwa nini kuhusu mtoto?
2. Ulipewa kazi gani ya kufanya naye nyumbani?
3. Kutoka hapa unaenda wapi, na lini?

Karani anaandika jibu kama lilivyotamkwa. Hakuna wastani, hakuna grafu. Majibu ya wiki ya kwanza yaliuma. "Sijui" ilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na ilitoka kwa watu wale wale waliobonyeza uso unaocheka.

Sasa mtaalamu huacha dakika kumi za mwisho. Anamwomba mlezi arudie kwa maneno yake alichoelewa, kisha anamwandikia nusu ukurasa kwa lugha yake: mtoto yuko wapi, mfanyie nini, nenda wapi. Siku moja alikuja dani kutoka Usenge na mjukuu wake. Hajui kusoma, na mama wa mtoto anafanya kazi Nairobi. Mtaalamu akachukua simu ya dani akarekodi maelezo kwa sauti, akatumiwa mama huko huko Nairobi. Hilo sikulitengeneza mimi, wala halikuhitaji programu. Lakini limenifundisha kwamba mlezi ni mjumbe pia: anayoambiwa lazima ayafikishe kwa mume, kwa mama mkwe, kwa mwalimu wa chekechea. Ukimpa kurasa tatu asizoweza kuzisema, umemtuma mikono mitupu.

Mpwa wangu alipimwa masikio. Sikio moja halisikii vizuri, na jingine linatibiwa. Hajasema sentensi bado, ila juzi aliita mbwa kwa jina, na dada yangu akanipigia simu saa nne usiku kunieleza.

Wanaprogramu wenzangu, tukitumwa nambari tusikimbilie kuzileta. Tuulize kwanza ni nani anajibu, anajibu mbele ya nani, na anaogopa kupoteza nini.

Makala ya hifadhidata wiki ijayo, safari hii kweli. Tuonane panapo majaliwa.