Kabla Mwanetu Hajatia Sahihi

Akina mama wenzetu, sisi wa Busunzu si watu wa kufuatilia mpira wa magazetini. Mpira tunaoujua ni ule wa jioni, vijana wakikimbizana vumbini huku sisi tukipita na ndoo kichwani au tukirudi kutoka kazini. Hata hivyo, mwezi wa kwanza wa mwaka 2023, baada ya mazoezi ya kwaya, tulibishana karibu saa nzima juu ya mchezaji mmoja, hadi mwenyekiti wetu akatukumbusha kwamba giza linaingia na watoto hawajala.

Mchezaji huyo ni Feisal Salum, ambaye wengi humwita Fei Toto. Ni mtoto wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1998. Alichezea JKU huko Visiwani, na mwaka 2018 akavuka bahari kujiunga na Yanga. Yeye ni kiungo. Kwa mama asiyeujua mpira tuseme hivi: kiungo husimama katikati, kati ya wanaolinda goli na wanaofunga. Anaupokea mpira kwa hawa, anawapelekea wale, na katika mchezo mmoja anaweza kukimbia kilometa kumi au zaidi. Sifa mara nyingi humwendea aliyefunga. Sisi wauguzi tulipoelezwa hivyo tulicheka, maana tuliiona kazi yetu wenyewe ya zamu ya usiku.

Msimu wa 2021/22 Yanga walitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi, na Fei alikuwa miongoni mwa nguzo zao. Kumbe moyoni hakuwa na raha. Mwezi Desemba 2022 aliwaandikia kwamba anauvunja mkataba, akawarudishia shilingi milioni 112: milioni 100 za usajili, na milioni 12 zilizo sawa na mshahara wa miezi mitatu. Alidhani yamekwisha. Klabu ikakataa. Kamati ya TFF inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, kwa kuwa mkataba haukuwa umefikia mwisho wake na hauvunjwi na upande mmoja kwa kurudisha fedha tu.

Mama yake mzazi alisikika hadharani akimtetea, na habari ya ugali kwa sukari ikawa kichekesho nchi nzima. Sisi hatukucheka sana. Wapo kati yetu waliolea watoto kwa ugali wa muhogo na chumvi, na wanajua mama hasemi jambo kama hilo mbele ya watu ila limemkaa rohoni. (Kama wauguzi tuongeze: sukari hutia nguvu ya upesi, lakini msuli wa kijana hujengwa na maharage, dagaa, mayai, na migebuka ukiipata. Asiyekula hivyo haponi upesi akiumia.)

Siku ile ya kwaya tuligawanyika. Wengine walisema kijana hana shukrani, amelelewa na klabu halafu anaikimbia. Wengine walisema mtu akishauchoka mzigo hafungwi kamba. Mama mmoja mtu mzima, ambaye hakuwahi kwenda shule, aliuliza swali lililotunyamazisha: “Hiyo karatasi, aliposaini, nani alimsomea?”

Kesi iliendelea miezi mitano. Kijana wa miaka 25, wakati ambao mwili uko katika nguvu zake, akakaa nje. Wenzake walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger bila yeye. Alifikia hatua ya kuomba watu wamchangie ili apeleke shauri Uswisi, kwenye mahakama ya michezo. Mwishowe, mwezi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu, akawaomba walimalize jambo la Fei. Siku chache baadaye walikubaliana na Azam, akahamia huko. Tulifurahi, lakini tulijiuliza: mtoto wetu sisi, akikwama, Rais atamkumbuka?

Kwa nini tunayaeleza haya yote? Kwa sababu kiangazi cha mwaka huohuo jambo hili liliingia nyumbani kwetu.

Mwanetu wa tatu alikuwa na miaka 16, kidato cha tatu. Naye ni kiungo. Baada ya mashindano ya shule alikuja bwana mmoja, amevaa vizuri, mwenye heshima, akatuamkia shikamoo baba, shikamoo mama. Alisema anatafuta vipaji awapeleke Dar es Salaam. Alikuwa na karatasi nne za Kiingereza. Tulitakiwa kutia sahihi, na kutoa shilingi 350,000 za nauli na usajili. Fedha ilikuwapo, ya maharage tuliyokuwa tumeuza wiki ile. Baba yake alikwisha shika kalamu. Kijana alikuwa amesimama karibu na mlango, hapumui.

Hapo tuliona aibu ambayo hatujawahi kuisema. Sisi wauguzi huwapa wagonjwa fomu za ridhaa kabla ya upasuaji. Mara ngapi tumesema, “Weka sahihi hapa, mama, daktari anasubiri,” na mama akaweka dole gumba bila kujua atakatwa nini? Tumefanya hivyo. Zamu ni ndefu, wagonjwa ni wengi, lakini tumefanya. Sasa karatasi ilikuwa mbele yetu, na sisi ndio tuliokuwa tukiambiwa gari linasubiri.

Tukaomba karatasi zilale kwetu usiku mmoja. Yule bwana hakupenda, ila alikubali. Jioni tulizipeleka kwa mwalimu kijana anayesaidia shule ya Jumapili, naye akatusomea kwa taa, mstari kwa mstari. Hakukuwa na jina la klabu yoyote. Nusu ya kila fedha ambayo mtoto angepata ingekwenda kwa yule bwana. Na mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Mwalimu ndiye aliyetueleza kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kufungwa kwa zaidi ya miaka mitatu.

Alitusimulia pia habari za Jean-Marc Bosman, kiungo wa Ubelgiji. Mwaka 1990 mkataba wake ulikwisha, lakini klabu yake ilidai fedha nyingi kabla ya kumwachia aende Ufaransa. Alishitaki, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikampa haki. Tangu hapo wachezaji wa huko wakimaliza mkataba huondoka huru, na wengi wametajirika kwa sababu yake. Yeye mwenyewe wakati wake ulikuwa umepita. Aliishia katika dhiki na ulevi.

Asubuhi tulimrudishia yule bwana karatasi zake. Hakugombana nasi. Alipanda pikipiki akaelekea Kasulu, na hatukumwona tena.

Mwanetu hakusema nasi karibu mwezi mzima. Alikula, alikwenda shule, alichota maji, lakini kinywa kilifungwa. Siku moja, akiwa anakwatua viatu, alisema, “Mmenifungia mlango.” Baba alitaka kumkemea, tukamzuia. Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulijua karatasi ile ilikuwa mbaya. Hatukujua kama ingekuja nyingine.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2024. Anachezea timu ya vijana wa hapa, na anatusaidia shambani. Tarehe 30 Desemba 2025, Tanzania ilipocheza na Tunisia huko Morocco, tulijaa kwa jirani mwenye televisheni. Tunisia walitangulia kwa penalti. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Fei akasawazisha, na sare ile ya 1–1 ikaivusha Taifa Stars hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mwanetu hakuruka. Aligeuka akatutazama sisi, muda mrefu kidogo, kisha akarudisha macho kwenye televisheni.

Sasa ana miaka 18 na hahitaji tena sahihi yetu. Wiki iliyopita ametuomba nauli ya kwenda Kigoma mjini kwenye majaribio. Ametuletea na karatasi ya mwaliko, ukurasa mmoja, wa Kiswahili, akaiweka juu ya meza karibu na taa. Baba ameisoma mara mbili. Maharage bado hatujauza.