Beti za Baba Ndani ya Kibao

Marehemu baba aliacha daftari moja la mashairi, nalo mende wameanza kulila. Kuyapeleka kwenye intaneti sikuridhia. Mengine alimtungia mama. Nikanunua kibao cha upana wa vidole viwili, chenye chipu ya ESP8266 iliyotoka mwaka 2014, nikakifanya seva. Hutoa waifai yake chenyewe; aliyemo nyumbani huunganisha simu, akaandika 192.168.4.1, na mashairi yakamjia.

Siku tatu kilinishinda. Kila nikiitaka diwani nzima, kilizimika kikawaka upya. Nami fani hii sikuisomea, kama ambavyo ushairi sikuusomea. Kumbe nililipakia daftari lote kwa pamoja katika kumbukumbu ya kazi, isiyofika kilobaiti 100, ilhali ghala yake ni megabaiti 4. Nikakiamuru kichukue ubeti mmoja, kiutume, kiusahau, kisha kichukue wa pili. (Ndivyo hasa aghanivyo mghani.)

Jana mama alishika simu ya mjukuu wake, akasoma, akasita.

"Hapa si 'subira', mwanangu. Baba'ako kasema 'saburi'."

Nikalifungua daftari. Pale palipo na neno hilo pana tundu, nilikuwa nimekisia.

Nikarudi kwenye kompyuta.