Fahali Wawili Zizi Moja

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sipingani na wahenga, ila hapa Kinanie nimewaona wakikaa, tena kwa amani. Zizi lenyewe ni kompyuta kuukuu ya mjomba wangu, auzaye vyakula vya mifugo. Fahali wa kwanza ni Windows 7. Wa pili ni Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux.

Mbona basi nisimwondoe yule wa kwanza? Programu ya duka, yenye majina ya wadeni na kila gunia lililotoka kwa mkopo, inafanya kazi kwenye Windows hiyo tu. Nayo Windows 7 ilikoma kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, kwa hivyo kuingia nayo kwenye intaneti ni kama kulala mlango wazi. Sisi wa chama cha Kiswahili nasi tulitaka mahali salama pa kupigia chapa makala, penye LibreOffice inayokagua tahajia ya Kiswahili. (Jambo hili si geni: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili.) Mjomba akasema, "Sawa, mpwa wangu. Lakini deni la mtu likipotea humo, utalilipa wewe." Ati utani! Uso wake haukucheka hata kidogo.

Sasa tuone kompyuta ya zamani inavyoamka. Ukibonyeza swichi, programu ndogo iitwayo BIOS hujikagua, kisha husoma kipande cha kwanza kabisa cha diski. Kipande hicho ni baiti 512 tu: 446 za maagizo, 64 za kueleza diski imegawanywa vipi, na 2 za mwisho ni kama muhuri. Aya hii unayoisoma haitoshei humo! Ndiyo sababu hukaa humo kichwa tu cha bawabu, na kiwiliwili chake kikawekwa nyuma kidogo. Bawabu huyo ndiye butiloda. Kazi yake ni kuuliza unamtaka nani, kisha amwamshe. Wa Debian anaitwa GRUB. Wa Windows kwa kawaida hujua kuamsha Windows tu, na ukiiweka Windows ya pili, humwondoa GRUB bila hata hodi. Kwa hivyo Windows hutangulia, Linux ikafuata. Kompyuta za siku hizi zina UEFI, ambako kila mfumo una folda yake, na ugomvi umepungua.

Kwanza nilinakili faili za duka kwenye flashi mbili; moja mjomba akaitia mfukoni. Halafu, nikiwa ndani ya Windows yenyewe, nikaipunguzia nafasi na kuacha gigabaiti 40 wazi. Nilichagua Jumapili, duka likiwa limefungwa, na nikaomba sana stima isipotee.

Debian ikaingia vizuri. Nikawasha upya. Menyu ikatokea na jina moja tu: Debian. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Windows iko wapi?"

Kimya.

"Na wadeni wangu?"

Kumbe tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haipekui diski kutafuta mifumo mingine mpaka iamrishwe. Windows ilikuwa pale pale, haijaguswa. Bawabu ndiye hakupewa jina lake. Nikafungua faili /etc/default/grub, nikaandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, nikahifadhi, kisha nikaamuru sudo update-grub. Mistari ikapita upesi, mmoja ukitaja Windows 7. Mjomba hakuridhika hadi nilipomfungulia programu ya duka na kumwonyesha deni la magunia sita ya chakula cha kuku. Lilikuwepo, na tarehe yake.

Ikabaki saa. Linux hupenda saa ya ndani ya mashine isome UTC, hali Windows hutaka isome saa za hapa kwetu, ambazo ziko saa tatu mbele. Wasipopatanishwa, gunia lililouzwa saa nne asubuhi huandikwa saa moja. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 ilimaliza maneno hayo.

Mwishowe nikapanga kwamba mtu asipochagua lolote kwa sekunde 10, iamke Windows. Mjomba hufungua duka alfajiri na hataki kuulizwa maswali na mashine. Sisi wa chama huja Jumamosi jioni, na mmoja wetu hukaa tayari kidole kikiwa juu ya kitufe cha mshale.