Dada Anahamia Kanada, Mama Hajaambiwa

Wadau, dada yangu na mumewe wanataka kuhamia New Brunswick, Kanada. Sio Toronto, huko kodi ya nyumba haishikiki! Kule unafuu upo, na shule za serikali watoto hawalipi ada. Kuna mpango wa uhamiaji wa majimbo manne ya Atlantiki, ulianza kwa majaribio 2017, ukawa wa kudumu 2022. Ukipata kazi kwa mwajiri aliyeidhinishwa, unaondoka na familia yako. Ila kazi yenyewe hainunuliwi. Kuna jamaa alitaka milioni tatu, nikamwambia shemeji hapo unapigwa.

Nawaombea wafanikiwe, kweli. Shida ni Mama. Kila jioni anamwogesha mjukuu wake, hajui lolote. Nani atamwambia?