Miaka Miwili kwa Mmoja

Siku nilipopata barua ya chuo nilimpigia mama simu kule Muheza.

"Shikamoo mama. Nimepata nafasi ya kusomea digrii ya pili, tena bure!"

"Marahaba mwanangu. Bure ya nani?"

Mama hakukosea kuuliza. Fedha zenyewe ni za serikali kuu ya Marekani, Wizara ya Elimu. Vyuo vikuu huziomba, vikizipata vinawasomesha walimu wa watoto wadogo wenye ulemavu, na vingine hulenga hasa mashambani, ambako walimu hao ni wa kutafuta kwa tochi. Sharti la kwanza, uwe raia au mkazi wa kudumu. Mimi kadi nilishaipata kwa bahati nasibu, na maboksi nilishayabeba hadi mgongo ukakoma. Sharti la pili ndilo lenyewe: kila mwaka uliosomeshwa, utumike miaka miwili kwenye kazi hiyo. Ukikacha, unarudisha hela. Mimi nilisoma miaka miwili. Piga hesabu.

Nilisaini bila kusita, kwa sababu ya mdogo wangu. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mama alimbeba mgongoni mpaka akatimiza miaka saba. Wageni wakija alilazwa chumba cha ndani, na aliyekuwa anafunga mlango ni mimi. Hili sijapata kuliandika popote.

Basi, nikaangukia Kansas ya magharibi. Msidhani Marekani yote ni maghorofa, jamani. Huku ni ngano, upepo na maghala ya nafaka. Kutoka familia moja hadi nyingine naweza kuendesha gari saa nzima. Kabla ya kusoma nilidhani nitabeba mfuko wa midoli. Kumbe mwalimu wa aina yangu haendi kucheza na mtoto. Anakwenda kumwelekeza mzazi, kwa vitu vilivyomo humo humo ndani: kijiko, beseni, taulo. Mwalimu huja saa moja akaondoka. Mzazi ndiye anayebaki na mtoto wiki nzima.

Sheria ya mwaka 1975, iliyowafungulia shule watoto wenye ulemavu, iliongezwa mwaka 1986 ikawafikia hata wachanga. Tangu mtoto atajwe ofisini, zimewekwa siku 45 apimwe na wazazi waitwe kikaoni. Siku 45! Mdogo wangu alifikisha miaka kumi na moja hajaonwa na mtu wa kumpima.

Garden City ni mji wa machinjio ya ng'ombe, umejaa wageni kutoka kila pembe. Siku moja nilikwenda kwa mama mmoja Msomali, mkalimani hakutokea. Tukawa tunatazamana tu, mpaka nikamsikia akimbembeleza mwanawe: "Kaa baba, kaa kidogo." Kiswahili! Alikulia kambi ya Dadaab. Nikakunja taulo, nikalizungusha kiunoni kwa mtoto, akakaa. Mikono yake ikawa huru, akanyakua kijiko.

"Dada, kumbe ni taulo tu?"

Nilijitahidi mpaka nikafika kwenye gari, ndipo nikalia. Kwetu kanga zilijaa sanduku, na hakuna aliyejua kukunja moja hivyo.

Sasa nimebakiza miezi kumi na minne. Ofisi yangu imeshaniuliza kama nitaendelea, mshahara utapanda. Sijawajibu. Wenzangu wananiambia nisiwe mjinga: Muheza nitalipwa na nani? Swali hilo nalo sina jibu lake.

Jumapili nilimpigia mama. Mdogo wangu, sasa kijana mwenye ndevu, aliwekewa simu sikioni, nikamsikia anacheka. Kisha mama akaichukua.

"Jirani kajifungua mtoto kama wetu. Nimemwambia mwanangu ndiyo anayoyasomea hayo. Kasema atakusubiri."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi kumi."

Nikamwambia afungue sanduku, atoe kanga moja, na asikate simu.