Siafu, umeme na maneno ya maumivu

Kwa Kifaransa mtu "ana" maumivu ya mguu, kama anavyokuwa na kitabu au deni. Kwa Kiswahili mguu ndio unaomuuma: mguu ni kiima, mtu ni yambwa. Darasani tofauti hii ni mfano mmoja tu wa sintaksia. Uzito wake niliuona hospitalini hapa Lubumbashi, siku nilipomsindikiza mama mkubwa nikiwa mkalimani wake.

Maumivu yalimwanzia kiunoni yakashuka hadi kisiginoni. Daktari aliuliza kwa Kifaransa: kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi? Nikafasiri. Mama mkubwa akashangaa: "Namba ya nini? Iko natembea sawa siafu, kisha inachoma." Daktari akarudia kuomba namba, naye akasema kumi ili yaishe. Katika faili ikaingia kumi. Siafu hawakuandikwa.

Lakini habari yenyewe ilikuwa kwa hao siafu. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa, wakiongozwa na Didier Bouhassira, walitoa hojaji fupi iitwayo DN4, inayomsaidia mganga kutambua maumivu yatokayo kwenye neva zilizoumia. Ina vipengele kumi. Mgonjwa akifikisha vinne, neva inashukiwa. Saba kati ya hivyo ni maneno ya mgonjwa mwenyewe: kuungua, baridi inayouma, kupigwa na umeme, kutambaliwa, kuchomwachomwa, ganzi na mwasho. Kule kutambaliwa Kifaransa hukuita "fourmillements", na ndani ya neno hilo mna "fourmi", yaani chungu. Mama mkubwa hajasoma Kifaransa, lakini alileta mdudu yuleyule.

Baadaye tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wagonjwa wote humwita "kine". Yeye aliuliza kwa Kiswahili: "Yanafanana na nini?" Alipopata jibu, akatoa kisanduku cha betri chenye nyaya na vibandiko vya kuweka juu ya ngozi. Akaeleza kwamba atapitisha umeme kidogo. Mama mkubwa akarudisha mguu nyuma. Kwa lugha yetu umeme ni ule wa nyumbani, na pia ni ule unaotangulia radi; na nani atakubali kupigwa na radi ili apone? Nikasema "kuran", kama tunavyosema mjini, tena ndogo kuliko ya redio. Hapo akakubali.

Dhana inayoeleza kisanduku hicho ilitolewa mwaka 1965 na Ronald Melzack na Patrick Wall. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango. Nyuzi nyembamba za neva huleta habari ya maumivu, nyuzi nene huleta habari ya mguso. Nyuzi nene zikifanya kazi nyingi, mlango hufungwa kwa kiasi, na maumivu machache hupita kwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto akigonga goti hulisugua kabla hata ya kulia. Mapigo mepesi ya umeme, mara nyingi kati ya 80 na 100 kwa sekunde, huziamsha nyuzi hizo nene. Mwaka 1967 Wall na William Sweet walijaribu mapigo hayo kwenye miili yao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa.

Wazo la kutumia umeme lenyewe ni la kale. Scribonius Largus, mganga wa Roma katika karne ya kwanza, alishauri samaki wa bahari mwenye umeme awekwe hai juu ya kichwa kinachouma, au chini ya mguu wenye jongo. Sisi pia katika mito ya bonde la Kongo tuna kambare wa umeme, anayeweza kufikisha volti 350, na hakuna mvuvi anayemshika mara mbili.

Siku hizi kuna njia inayofika ndani zaidi. Daktari huingiza sindano hadi karibu na neva, kisha hupitisha mapigo mafupi ya milisekunde 20, mara mbili kwa sekunde, bila kuacha joto lipite nyuzi 42. Nia ni kuivuruga neva isipeleke habari yake, si kuiunguza kama ifanyavyo njia ya zamani ya joto la nyuzi 80. Wataalamu bado wanabishana kuhusu nguvu ya tiba hizi, na ushahidi juu ya kisanduku cha vibandiko kwa maumivu ya mgongo ya muda mrefu ni dhaifu. Mama mkubwa alipoulizwa jioni ile, hakusema amepona. Alisema: "Imelala."

Melzack hakuishia kwenye mlango ule. Mwaka 1975 alichapisha hojaji ya maumivu yenye maneno 78 katika makundi 20, kwa sababu aliona kwamba namba peke yake haitofautishi kinachokata na kinachochoma. Hiyo ni kazi ya leksikografia, na imefanywa na mwanasaikolojia.

Nimejaribu kufasiri yale maneno saba ya DN4. Ganzi haikunisumbua. Taabu ilikuwa "kuwasha". Upele unawasha, pilipili inawasha, na moto tunauwasha. Mgonjwa akisema "inaniwasha", je, tumhesabie kuungua, mwasho, au vyote viwili? Alama moja ikizidi au kupungua, neva inaweza kushukiwa au kuachwa. Tena Kiswahili cha Bukavu au cha Kisangani huenda kikajibu tofauti na cha kwetu. Swali hilo haliwezi kujibiwa na daktari peke yake, wala na mjukuu aliyeitwa kufasiri kwa haraka. Linahitaji watu wenye daftari, wanaojua kuuliza "yanafanana na nini?" na kuandika jibu lilivyosemwa. Watu hao wanafundishwa katika fakulte yetu.